Unga Chini ya Glasi

Siku dada yake aliposhuka ngazi mbio bila kushika ukuta, Pilipili hakufurahi. Alisimama pale uani, mkoba ungali begani, akamtazama yule mama mtu mzima akiruka kidato cha mwisho kama msichana.

"Goti je?" aliuliza.

"Goti gani?" Dada alicheka. "Limepona, mdogo wangu! Hiyo dawa yako ni kiboko. Tumbo kimya, goti kimya, hata kiuno nimekisahau."

"Dawa ya tumbo imekuponya goti?"

"Kwani kuna ubaya?"

Kulikuwa na ubaya, na Pilipili aliuona palepale, kwa sababu dawa hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Dada aliugua tumbo kwa miaka mingi. Kulikuwa na moto usiozimika chini ya chembe ya moyo, kiungulia, na kushiba kwa vijiko viwili kisha njaa inayochoma baada ya saa moja. Hospitali walimpitishia mpira wenye kamera kooni, wakamwonyesha kwenye skrini: ukuta wa ndani wa tumbo umevimba, una kidonda, umeiva wekundu, kama jicho lililopulizwa moshi. Walimpa dawa za kuua vijidudu na dawa za kupunguza asidi. Akapona. Ugonjwa ukarudi. Akapona tena, nao ukarudi umebeba mizigo, kama mgeni aliyeamua kuhamia.

Ndipo jirani alipomwambia habari za manjano, naye akaanza kuyala kwa kijiko mpaka meno na vidole vikawa rangi ya jua la jioni. Pilipili alimcheka. Yeye alikuwa mfamasia, amesoma, na vitu vya kijiko alivichukulia kama porojo za sokoni. Lakini alimpenda dada yake kuliko alivyopenda kuwa sahihi, kwa hiyo alikwenda kusoma. Alichokikuta kilimkera: manjano yalikuwa na uwezo fulani wa kutuliza uvimbe. Shida ilikuwa usafiri. Hayayeyuki vizuri kwenye maji, na yakishamezwa hupita tumboni bila kukaa, kama abiria aliyelala akapitishwa kituo chake.

"Basi tatizo si dawa," alimwambia dada yake. "Tatizo ni gari."

Akaanza kutengeneza gari.

Shemeji yake, mume wa Dada, alikuwa na karakana ya kusaga miti shamba kwenye jengo lililokuwa la kuoka mikate. Watu walimwita Spika, kwa sababu sauti yake ilifika nyumba tatu kabla yake. Alimpa Pilipili chumba cha nyuma, kule yalikokuwa matanuri, pamoja na meza ya bati, mizani nzuri na jokofu kuukuu lililonguruma kama mtu mwenye mafua. Huko Pilipili alikoroga manjano yaliyolainishwa ndani ya ute wa mwani, akautia bikaboneti kidogo, ile magadi ya kuumulia mikate, akaudondosha kwa sindano tone baada ya tone kwenye beseni la maji yenye chumvi ya kalisi inayogandisha ute huo. Kila tone lilipogusa maji liliganda likawa duara. Alizichota duara hizo kwa kichujio, zikiwa ndogo, laini, za njano, akazikausha kwa hewa ya feni. Aliziita shanga.

Kazi ya shanga ilikuwa kukaa. Zikikutana na ukali wa tumbo, bikaboneti ndani yake ilitoa vipovu, vipovu vikazibeba, zikaelea juu badala ya kusukumwa utumboni. Huko juu zilitoa dawa polepole, saa baada ya saa, palepale penye kidonda. Pilipili alifanya majaribio yake kwenye glasi ya maji makali kama ya tumboni na alipenda kuitazama ile glasi kuliko alivyopenda kutazama televisheni. Shanga zilishuka kidogo, zikasitasita, kisha zikapanda zote pamoja na kutanda juu.

Dada alizitumia pamoja na dawa za hospitali. Haikuwa miujiza. Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kula chakula cha kawaida bila kujikunja. Lakini aliweza. Na Spika, aliyemwona mke wake akinenepa mashavu, akanusa biashara.

Walisajili dawa, wakaitia kwenye kopo. Kwenye kopo waliandika jina la Pilipili na cheo chake, kwa herufi zinazoonekana. Kila Jumamosi mchana walikwenda pamoja redioni, Spika akisifu, Pilipili akieleza.

"Usitarajie nafuu leo wala kesho," alisema kila mara kwenye kipaza sauti. "Hizi shanga hazina haraka. Na usiache dawa za daktari wako."

Spika alikunja uso kila aliposikia maneno hayo. Kwenye gari alinung'unika, "Shemeji, wewe unauza dawa au unafukuza wateja?"

"Nasema ukweli."

"Ukweli una namna ya kuuvalisha nguo."

Miezi ikapita. Kisha simu za redioni zikabadilika. Watu walianza kupiga wakisema nafuu wameipata siku ileile. Pilipili alidhani wanatia chumvi, maana mtu akisikika redioni hupenda kusikika vizuri. Alizitengeneza shanga, akazipeleka chumba cha mbele zikajazwe kwenye kapsuli, akarudi kwenye beseni lake. Chumba cha mbele hakikuwa himaya yake.

Sasa Dada alikuwa amesimama mbele yake akimchezeshea goti.

"Lete kopo," Pilipili alisema.

"Kuna nini?"

"Lete kopo, Dada."

Alikwenda nalo jikoni. Alikamua ndimu kwenye glasi ya maji, akafungua kapsuli moja kwa kucha, akamwaga. Shanga zilisitasita, zikapanda. Zilikuwa chache mno, robo ya alizopaswa kuziona. Kilichobaki kilikuwa unga mweupe. Ulishuka taratibu ukakaa chini ya glasi, umetulia, kama uliozaliwa humo.

Pilipili alichovya ncha ya kidole kwenye unga wa kapsuli ya pili, akaugusisha ulimi, akatema kwenye sinki. Uchungu ule aliufahamu. Ungeweza kuwa wa dawa nyingine yoyote, lakini goti la dada yake lilikuwa limeshatoa ushahidi.

"Usimeze tena," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na waliomjua Pilipili waliiogopa zaidi ikiwa ndogo. "Hata moja. Umenisikia?"

"Yaani dawa yako ikifanya kazi unaona vibaya?"

"Hii si dawa yangu. Kuna mtu ametia dawa ya maumivu humu. Ile inayotuliza goti ndiyo inayochubua tumbo. Unatibiwa kidonda kwa msasa, Dada!"

Dada aliangalia pembeni. Alilichukua kopo, akalifunga kifuniko polepole, akalirudisha kabatini. "Sawa," alisema. "Nimesikia." Pilipili alikuja kukumbuka baadaye kwamba Dada hakushangaa.

Asubuhi iliyofuata aliingia karakana kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Aliyejaza kapsuli alikuwa mama mmoja waliyemwita Bi Ungo, kwa sababu kabla ya mashine kuja alikuwa akichekecha unga kwa mkono kutwa nzima. Alikuwa amevaa barakoa, amejipaka unga mpaka kwenye nyusi.

"Bi Ungo, unachanganya nini na shanga zangu?"

"Kiimarishi," alijibu bila wasiwasi. "Kile cha kwenye ndoo ya bluu."

"Nani alikwambia?"

Bi Ungo alivua barakoa, akamtazama kama anayeulizwa jina la mama yake. "Si wewe? Bosi alisema umeagiza wewe. Alisema, mtaalamu amegundua kiimarishi, weka vipimo vitatu vya hiki kwa kimoja cha shanga. Mimi nikasema, kama ni mtaalamu kaagiza, mimi ni nani nimkatalie?"

Pilipili alihisi masikio yakiwaka. Kutiliwa mchanga kwenye kazi yake ni jambo moja. Kutiliwa mchanga huo kwa kutumia jina lake ni jambo jingine kabisa. Alifunua ndoo ya bluu, akachota kikombe cha unga, akapanda nacho ofisini kwa Spika na kukimimina juu ya meza, juu ya simu yake, juu ya kalenda, mpaka kwenye kikombe chake cha chai.

"Kunywa," alimwambia.

Spika alirudisha kiti nyuma. "Shemeji, kwanza salamu."

"Salamu zako zimo humo. Kunywa. Si kiimarishi? Jiimarishe!"

"Punguza sauti, wafanyakazi wanasikia."

"Wasikie! Umewatilia watu wenye vidonda dawa ya kuwachimba vidonda. Umemtilia mkeo!"

Spika alipangusa simu yake kwa leso, kwa utulivu, na utulivu ule ndio uliomfanya Pilipili atamani kumrukia. "Ni kidogo tu," alisema. "Na si sumu. Inauzwa kila duka la dawa. Wewe na shanga zako za kusubiri! Mtu anaumwa leo, anataka alale leo. Akimeza asisikie kitu, anatupa kopo, anakwenda kwa mganga wa kona. Mimi nimewafanya wasitupe kopo. Nimewaweka kwenye dawa yako. Ungenishukuru."

"Wanaosikia nafuu wanazidi kuoza ndani!"

"Mbona hawalalamiki?"

"Kwa sababu dawa ya maumivu kazi yake ni kunyamazisha! Hiyo ndiyo kazi yake!"

Alimtaka afunge mashine siku hiyohiyo, awatangazie watu, ayarudishe makopo yote. Spika alisema ndiyo, bila shaka, lakini si kwa papara. Apewe mpaka wiki iishe. Kuna mzigo uko njiani, kuna watu wa kuongea nao. Mambo ya familia yamalizwe kifamilia. Alisimama, akamshika bega kama anayemfariji mfiwa. Pilipili aliuondoa ule mkono. Alichukua kapsuli kadhaa, akazipeleka kwa mwenzake aliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo, akamwomba azipime.

Majibu hayajatoka, mtoto wa Dada akapiga simu. Alikuwa msichana mkubwa, wa kidato cha nne, asiyelia ovyo. Sasa alikuwa analia.

"Mama mdogo, njoo. Mama anatapika. Ni damu, mama mdogo, ni nyeusi kama majimaji ya kahawa."

Pilipili alimkuta Dada sakafuni bafuni, ameegemea ndoo, midomo imekuwa ya kijivu. Walimbeba, yeye na msichana, wakampakia kwenye gari la jirani. Njiani Dada alimshika mkono akawa anasema jambo moja tu, "Baridi, nasikia baridi," na jua lilikuwa linachoma hadi viti vya gari vinanata.

Hospitali walimtundikia damu, wakampitishia tena ule mpira wenye kamera. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alitoka akauliza swali moja. "Amekuwa akitumia dawa za maumivu?"

"Amekuwa akizitumia," Pilipili alisema.

"Kwa muda gani? Maana mle ndani pamechimbika."

Pilipili aliinamisha kichwa akatazama kopo alilokuwa amelibeba kama ushahidi, na jina lake mwenyewe likamtazama. Kopo lilikuwa karibu tupu. Siku ile alipoliona kabatini lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

Kesho yake, Dada alipoweza kukaa, Pilipili alimwuliza. "Nilikwambia usimeze."

Dada alivuta shuka. "Nilimeza mbili mbili. Niliogopa utamwambia azitoe, halafu maumivu yarudi."

"Ulijua?"

Dada alianza kukunja pindo la shuka.

"Dada, ulijua kuna kitu?"

"Aliniambia kuna kiungo kipya. Sikujua ni nini, naapa. Alisema nisikwambie, utafanya vurugu kama kawaida yako." Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni kwa kuwa alikuwa ameegemea mto. "Hujui kulala usiku mzima bila maumivu ni nini. Hujui. Wewe unasoma tumbo kwenye vitabu. Mimi ninalo."

Hasira aliyoileta Pilipili imlinde dada yake ilikuwa sasa inamtaka dada yake mwenyewe, naye hakujua aiweke wapi.

"Usimwanike," Dada alisema. "Mtoto ana mitihani. Nyumba tunayokaa inalipiwa na karakana ile ile. Mwache aondoe kile kiungo kimyakimya, yaishe."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wanaomeza mbili mbili kama wewe!"

Dada aligeukia ukutani. Msichana, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, alimtazama mama mdogo wake, kisha mama yake, akatoka nje ya wodi.

Majibu ya maabara yalitoka Ijumaa. Ilikuwa kama alivyodhani: dawa kali ya maumivu, na nyingi. Aliyempimia alimwambia apeleke mamlaka ya dawa mara moja. Alipeleka. Ofisa wa mapokezi alizipokea karatasi zake kwa heshima, akasema zitapitiwa na kamati husika, na kamati ingekutana mwanzo wa mwezi ujao.

"Watu wanatapika damu leo," Pilipili alisema.

"Tunakuelewa, dada yangu. Kuna utaratibu."

Jumamosi mchana alikwenda redioni. Spika alimkuta kwenye ngazi za studio, amevaa vizuri, kilemba kimekaa sawa. Uso wake ulikunjuka. Bila shaka alidhani Dada amemtuliza.

"Shemeji, nimefurahi," alisema. "Familia ni familia. Ndoo ya bluu nimeshaiondoa, kwa heshima yako."

"Na makopo yaliyokwisha toka?"

"Yatakwisha yenyewe. Watu watayamaliza."

"Ndiyo," Pilipili alisema. "Watayamaliza." Akaingia.

Mtangazaji alikuwa dada mchangamfu aliyependa kuanza na kicheko. Alicheka, akawakaribisha wataalamu wetu wa tumbo, akafungua simu. Wa kwanza alikuwa bibi, sauti yake nyembamba, ya furaha.

"Nawashukuru sana wanangu. Nina tumbo la miaka. Lakini sasa nalala. Hata mgongo umenyooka, nafagia uwanja mwenyewe!"

"Mnasikia hayo!" Spika alinguruma. "Hata mgongo!"

Pilipili alisogeza kipaza sauti. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenyewe daktari?"

"Ni mimi. Mama, nisamehe kwa swali hili mbele za watu. Choo chako siku hizi kikoje? Ni cheusi?"

Mtangazaji aliacha kutabasamu. Spika aligeuka.

"Ee... ni cheusi, mwanangu," bibi alisema, sauti imeshuka. "Kama lami. Nilidhani ni rangi ya dawa."

"Dawa ni ya njano, mama. Hiyo ni damu yako. Unasikia kizunguzungu?"

"Nikisimama, ndiyo. Nilidhani ni uzee."

"Si uzee. Usimeze tena hata moja. Una mtu hapo nyumbani? Mwambie akupeleke hospitali sasa hivi, usisubiri kesho, beba na kopo. Waambie kuna dawa ya maumivu ndani yake. Na ninyi nyote mnaonisikiliza wenye kopo hilo nyumbani, msimeze. Ndani ya kapsuli kuna dawa ya maumivu iliyotiwa kwa siri. Sauti mliyoiamini ni yangu, jina lililo kwenye kopo ni langu, na ninawaambia kwa sauti hiyohiyo: msimeze! Mwenye choo cheusi, mwenye kutapika, aende hospi..."

Spika alikipiga kipaza sauti kwa mkono. Kikaanguka. "Amechanganyikiwa!" alipaza. "Dada yake anaumwa, amechanganyikiwa, ndugu wasikilizaji!" Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa akipapasa vitufe. Wimbo ukaingia katikati ya neno, wimbo wa harusi, wa vigelegele.

Ndani ya studio, ngoma zikidunda kwenye spika za ukutani, shemeji na shemeji walitazamana.

"Umeniua," Spika alisema.

"Mkeo ndiye uliyetaka kumuua. Wewe umemwaga unga wako mwenyewe."

Mtangazaji alikuwa ameshikilia simu, taa zake zote zikiwaka. "Zinaingia," alisema polepole. "Zote zinauliza choo."

Ile kamati ya mwanzo wa mwezi ilikutana Jumatatu. Karakana ilifungwa kwa mnyororo, ndoo ya bluu ikakutwa chooni chini ya magunia. Spika alipelekwa kuhojiwa, akatoka kwa dhamana, akaenda kwenye redio nyingine kusema kwamba shemeji yake alitaka kumpora biashara. Wapo walioamini. Barabarani mwanamume mmoja alimtemea Pilipili mate miguuni kwa kuwa mama yake alikuwa amepata nafuu na sasa amerudi kulia na mgongo.

Mwingine alimfuata mpaka kwenye duka la dawa alikokuwa amepata kazi ya muda. Aliingia, akangoja wateja watoke, akaweka kopo juu ya kaunta kwa kishindo.

"Mimi ni mtoto wa yule bibi wa redioni."

Pilipili alishika ukingo wa kaunta. "Anaendeleaje?"

"Yuko wodini. Wamemwongezea damu. Daktari anasema angekaa siku mbili zaidi tungekuwa tunazungumza mengine." Aligonga kopo kwa kidole, palipoandikwa jina. "Sikuja kukushukuru. Nimekuja nikuone uso. Hapa pameandikwa wewe. Hujui kinachotiwa kwenye kopo lenye jina lako?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Pilipili alitukanwa bila kurudisha. Alikuwa na majibu tele, kwamba alidanganywa, kwamba jina lake liliibwa, na yote yalikuwa ya kweli. Yule mtu alingoja kidogo, akaona hapati ugomvi, akaondoka akiliacha kopo.

Baraza la wafamasia lilisema maneno yaleyale kwa lugha ya ofisini na kumsimamisha kwa muda. Akiwa mbele yao alipandisha sauti. Aliwauliza kama mtu akikuta moto nyumbani kwa jirani anapaswa kwanza kuandika barua. Mwenyekiti alimwambia akae. Alikaa, lakini alikaa kwa hasira, na kila mtu chumbani aliliona hilo. Kuhusu shanga, chuo kilikubali zipimwe upya, kwa taratibu, kwa wagonjwa waliokubali na chini ya macho ya madaktari, bila kopo na bila redio. Ilikuwa kazi ya miaka. Alitia sahihi.

Dada alitoka hospitali akarudi kwa mumewe. Hakupokea simu za mdogo wake. Mtoto ndiye aliyeleta habari kwa siri: mama anakula, mama amekonda, mama na baba hawaongei mezani.

Kisha alasiri moja Pilipili alifungua mlango akamkuta Dada amesimama kizingitini, begi kubwa miguuni, jasho limemtoka kwa kulikokota.

"Shemeji yako wa redio," Dada alisema, hata bila salamu, "amenipangia niende kwenye ile redio yake nyingine. Ameniandikia cha kusema. Niseme wewe ndiye uliyekuwa unanipa dawa za maumivu nyumbani kwa siri. Niseme kopo halina kosa."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia hizo karatasi azimeze. Mbili mbili." Alipumua. Mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya chembe ya moyo, kwa mazoea, ukakaa pale. "Ameniona nikitapika, mdogo wangu. Alisimama mlangoni bafuni akaniona, akaenda zake kabla hujafika. Halafu ananiandikia cha kusema."

Pilipili aliinama kuchukua begi. Dada aliikanyaga kamba yake.

"Ngoja kwanza. Usifikiri nimekuja kukuomba radhi. Ulinianika mbele ya nchi nzima, watu wananiuliza choo changu sokoni. Nilikuomba nikiwa kitandani hospitali. Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana."

"Na mimi nimekukasirikia," Pilipili alisema. "Ulikuwa unajua, ukanyamaza. Nikikumbuka silali."

"Basi."

"Basi."

Walisimama hivyo, mmoja ndani, mwingine nje, begi katikati. Chini barabarani lori lilipita likatimua vumbi, na vumbi likapanda ngazi mpaka kwao. Dada alianza kukohoa.

"Umemeza dawa za hospitali leo?" Pilipili aliuliza.

"Nimemeza."

"Umekula?"

"Nitakula saa ngapi na mimi nabeba begi?"

Pilipili alilivuta begi kwa nguvu, kamba ikatoka chini ya kiatu cha dada yake. "Ingia," alisema. "Kasirika ukiwa ndani."